Baba aliwekewa mpira wa mkojo puani, ilikuwa sahihi?

Swali: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Igoma, Mwanza. Baba ana miaka 61, anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Wiki mbili zilizopita usiku alianza kutoka damu puani tundu la kushoto, tukamlaza chali tukammwagia maji kichwani, haikukata, saa kumi alfajiri tukampeleka hospitali. Wakamsokomezea bendeji ndefu puani, mtu mzima akatoa machozi, damu ikakata kama saa moja alafu ikaanza kushukia kooni, akatapika mabonge meusi. Baadae akaja daktari mwingine akachukua mpira wa mkojo, ule ule wa wagonjwa wasioweza kukojoa, akauingiza puani. Amekaa nao siku 3 na hakuna aliyetueleza kitu. Ndugu wanasema alifanyiwa majaribio kwa vile hawana vifaa, mama mkubwa anasema huu ugonjwa sio wa hospitali. Presha alikutwa 190 kwa 110, dawa alikuwa ameacha. Sasa yuko nyumbani ila anaogopa hata kulala. Walifanya sawa kweli? Na itarudi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Pole sana, na mzee mfikishie pole yangu, maana damu ya pua ukiiona kwa mzazi wako usiku wa manane, beseni linajaa na hujui ushike wapi, haitoki kichwani haraka. Nianze na hilo linalowasumbua ili mpumue: ule mpira haukuwa majaribio. Ni tiba inayojulikana, mimi nafanya kazi ya masikio, pua na koo na nimewawekea wagonjwa wengi, na kwa jinsi ulivyosimulia naamini ndio uliomvusha baba yako. Kosa lililotokea pale ni kutoelezwa, na hilo sitalitetea.

Sasa twende taratibu. Ndani ya pua kuna ukuta unaotenga tundu la kulia na la kushoto. Mbele ya huo ukuta, pale kidole kinapofika, mishipa midogo midogo kutoka pande mbalimbali imekutana na imekaa juu juu kabisa, imefunikwa na utando mwembamba sana. Watu wengi wanaotoka damu puani, tunakadiria tisa kati ya kumi, inatokea hapo. Ndio ile ya mtoto aliyejikuna, au mtu mwenye mafua, au hiki kipindi cha kiangazi vumbi limejaa na hewa kavu, unabana pua inakata unaendelea na shughuli zako. Lakini kuna sehemu ya pili, nyuma kabisa, pua inapokaribia kuungana na koo. Huko inaingia ateri kubwa kidogo yenye msukumo, na ikipasuka damu haiji mbele peke yake, inashuka kooni, mgonjwa anaimeza, na kidole chako cha kubana pua hakifiki huko hata ufanyeje. Hii ndio ya watu wazima, umri umesogea na mishipa imekakamaa.

Angalia sasa ulichoandika mwenyewe: walijaza bendeji, mbele pakakauka, alafu damu ikaanza kushukia kooni. Hiyo ndiyo alama tunayoitafuta. Ile bendeji ya kwanza haikuwa ya uzembe, ndivyo tunavyoanza kwa karibu kila mtu, ila kwa baba damu ilikuwa inatokea mbali kuliko bendeji inakofika. Yule daktari wa pili alilielewa hilo.

Na huko nyuma unafikaje? Mlango wa mbele ni mwembamba, chumba cha ndani ni kipana. Unahitaji kitu kinachoingia kikiwa chembamba alafu kikifika ndani kinanenepa. Ule mpira una puto dogo karibu na ncha. Unapitishwa kwenye sakafu ya pua, sio kwenda juu, mpaka ncha inaonekana kooni nyuma ya kimeo, daktari anajaza puto kwa sirinji, mililita 10 hivi inaweza kuzidi au kupungua kidogo, alafu anavuta kuja mbele polepole mpaka puto linakwama kwenye mlango wa nyuma wa pua kama kizibo. Akishafanya hivyo anajaza tena gozi yenye vaselini au dawa kwa mbele, kwahiyo ile sehemu inayovuja inabanwa nyuma na mbele na damu inapata nafasi ya kuganda. Pale kwenye tundu la pua anaubana mpira usirudi ndani, wengi tunatumia kile kibanio cha kitovu cha mtoto mchanga, na chini yake lazima uweke gozi maana ukikiacha kigandamize ngozi siku 2 au 3 kinaweza kuua nyama ya pua pale pembeni. Mwangalie baba kwenye ukingo wa tundu la kushoto, kama hana kidonda cheusi basi waliulinda vizuri.

Kitu ambacho hata manesi wengi hawakijui, na ningependa uwasimulie hao ndugu zako: mpira huo umepewa jina la Frederic Foley, daktari wa Marekani aliyekuwa bingwa wa njia ya mkojo, na alipouandikia mwaka 1937 aliueleza kama mpira wa puto la kuzuia damu kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume, huku mkojo nao ukipata pa kutokea. Kwahiyo tangu mwanzo puto lile liliwekwa kwa ajili ya kubana damu. Kuutumia puani ni kuurudisha kwenye kazi yake ya awali kabisa. Yapo maputo maalumu ya pua yanatengenezwa viwandani, ni mazuri na hayamsumbui mgonjwa sana kama huu mpira, ila bei yake sio ya kila hospitali, na kanuni inayotumika ni hiyohiyo moja. Na la usafi pia najua linawakera japo hujaliandika: mpira unatoka kwenye pakiti yake mpya iliyofungwa, haujawahi kumgusa mtu.

Ingeshindikana hapo ndio tungefikiria kumpeleka theatre, kuingia na kamera puani na kuufunga ule mshipa wenyewe, au kwenye vituo vikubwa sana kuna njia ya kupita kwenye mshipa wa pajani na kwenda kuuziba kwa ndani. Lakini wengi hawafiki huko. Hapa hapa Mwanza, hospitali ya Bugando, walifuatilia wagonjwa 104 waliokuja na damu za puani na matokeo yakachapishwa 2011, na karibu wote walitibiwa bila kisu, kwa kuangaliwa kwa karibu na kujazwa gozi. Sababu iliyoongoza ilikuwa kuumia, ajali na vipigo, kama thuluthi yao, wakafuata ambao sababu haikuonekana, alafu wa presha.

Kuhusu machozi ya baba. Naomba msimcheke wala yeye asione aibu. Kujazwa bendeji puani ni kati ya vitu vinavyouma sana ambavyo tunawafanyia watu wakiwa macho. Tunapuliza dawa ya ganzi kwanza, ila damu ikiwa inamwagika inaisafisha ganzi kabla haijashika, na ukisubiri sana mgonjwa anaendelea kupoteza damu, kwahiyo unaamua kuendelea huku roho inakuuma. Gozi yenyewe inaweza kufika mita nzima au zaidi kwa tundu moja, inakunjwa ngazi kwa ngazi kutoka chini kwenda juu, mgonjwa anahisi kama unamsukumia kitu kwenye ubongo, ingawa haufiki huko. Na machozi mengine wala sio ya kulia: jicho lina kamfereji kanakomwaga machozi ndani ya pua, ukiziba pua machozi hayana pa kwenda yanatiririka shavuni, ndio maana huenda hata siku ya pili na ya tatu jicho la kushoto lilikuwa linavuja tu. Kichwa kizito, mdomo mkavu mpaka midomo inapasuka kwa sababu anapumulia mdomo usiku kucha, akimeza mate masikio yanaziba, chakula hakina ladha, usingizi hamna. Yote hayo ni ya ule mpira, na yote yangeweza kusemwa kwa dakika 2 kabla ya kuanza: mzee, itauma, utaona hivi na hivi, ni siku 2 au 3, tupo hapa. Mtu akijua anavumilia tofauti kabisa. Ningekuwa mimi ningemwomba radhi baba yako kwa niaba ya wenzangu, na hapa namwomba.

Siku 3 pia zina sababu yake. Ukiutoa mapema donge halijakaza, damu inarudi, unaanza upya. Ukiuacha zaidi ya hapo uchafu unajikusanya, bakteria wanazaliana, na utando wa ndani unaanza kuchubuka. Kwahiyo tunakaa hapo kwenye saa 48 mpaka 72. Antibaiotiki aliyopewa ni ya kumkinga kipindi kile pua imezibwa. Na kulazwa ilikuwa lazima, hata kama alionekana mzima, maana mtu aliyezibwa pua kwa nyuma akilala hewa inaweza kumpungukia bila yeye kujua, ndio kile kidude walichokuwa wanambana kidoleni usiku wakisoma namba. Siku ya kutoa, puto linanyonywa kwanza ndio mpira unavutwa, na mgonjwa anabaki chini ya uangalizi masaa kadhaa. Natumaini walifanya hivyo.

Yale mabonge meusi nayo mengi yalikuwa damu yake ya pua aliyokuwa anaimeza tangu mlipomlaza chali nyumbani. Tumbo haliipendi damu, likijaa linairudisha, na ikishakaa kwenye asidi inakuwa nyeusi kama kahawa. Hata choo kinakuwa cheusi siku 1 au 2. Sasa hapo pana jambo moja la kwetu huku ziwani ambalo sitaki mlipite. Baba yupo Mwaloni, maisha yake yote ni ya ziwa, sijui kama alikuwa mvuvi zamani au alikulia visiwani kama Ukerewe. Kichocho cha tumbo kipo kwenye mwambao wote huu wa Ziwa Victoria, na mtu akikaa nacho miaka mingi ini linakuwa na makovu, bandama inavimba, na bandama iliyovimba inakamata chembe sahani, zile zinazoanzisha kuganda kwa damu. Matokeo yake damu ikitoka haikati. Na mtu huyohuyo anaweza kuwa na mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula ikapasuka akatapika damu moja kwa moja kutoka tumboni. Kwa baba damu ilianzia puani ikaonekana kwa macho, kwahiyo simtishi mtu, ila nataka mkaangalie kwenye karatasi zake FBP, kile kipimo cha picha nzima ya damu, ilisomaje, hasa hizo chembe sahani, na kama hajapigwa ultrasaundi ya tumbo aombe apigwe, ini na bandama. Kipimo cha choo cha kichocho ni rahisi na dawa ipo.

Kwenye hiyo FBP angalieni pia wingi wa damu, lakini mjue kipimo cha alfajiri ile kinadanganya. Mtu akipoteza damu ghafla, ile iliyobaki mwilini bado ni nzito vilevile, inaonekana nzuri, mpaka maji ya mwili na dripu ziichanganye ndio upungufu unajitokeza kesho yake. Kama hakupimwa tena siku ya kutoka, apimwe sasa. Akiwa anachoka kupanda ngazi, moyo unadunda, kizunguzungu akisimama, msisubiri.

Presha. 190 kwa 110 ni kubwa, ila sehemu yake ni hofu na maumivu, mtu yeyote anayetapika damu presha inapanda, kwahiyo ile namba peke yake haituambii kwamba presha ndiyo iliyopasua mshipa. Tunachokiona kila siku ni kwamba presha ikiwa juu, damu iliyoanza inakataa kukata, na miaka ya presha isiyotibiwa inaifanya mishipa ya nyuma iwe migumu, ikipasuka haijikunyati kama ya kijana. Kuacha dawa ni jambo la kawaida sana kwa wazee wetu, anameza mwezi mmoja anajisikia vizuri anasema nimepona, au hela imeisha, au dawa inamkojoza sana wakati yupo sokoni. Muulizeni kwa upole ni ipi kati ya hizo. Kama ni kukojoa au kuchoka, daktari anambadilishia, zipo aina nyingi na kadhaa sio za bei mbaya. Asirudie zile za zamani kwa kukisia, apimwe presha akiwa ametulia, siku 3 tofauti, alafu apangiwe.

Na muulizeni swali jingine ambalo hospitali huwa linasahaulika: anameza nini kwa ajili ya mgongo? Kazi ya kubeba magunia ya dagaa haimuachi mtu na mgongo salama, na wengi pale wananunua diklofenaki duka la dawa wanameza kila siku kama peremende. Diklofenaki, bruufeni na asprini zote zinazipunguzia chembe sahani nguvu ya kushikana, na hizo mbili za kwanza zinapandisha na presha juu yake. Kama ndio tabia yake basi hapo tayari una sehemu kubwa ya jibu la kwanini ilitoka na kwanini haikukata. Maumivu atumie panadoli kwa sasa. Ila kama asprini au wafarini alipewa na daktari kwa ajili ya moyo au kiharusi, asiache mwenyewe, aende akaulize, maana kuacha nako kuna hatari. Ugoro pia, kama ananusa, auache, unachubua pale pale.

Mama mkubwa usigombane naye. Ameona damu nyingi inayotoka bila mtu kupigwa, na watu wa hospitali hawakusema neno, sasa alitegemea afikirie nini? Mweleze kuhusu ule mshipa wa nyuma, mwonyeshe hata kwa kidole chako ulipo. Kama familia inataka kuomba dua waombe. Ninachokataa ni kumpeleka mahali atakapopuliziwa unga puani au kuwekewa majani, kidonda bado kibichi.

Itarudi? Hatari kubwa ni siku chache baada ya kutoa mpira na hizo mmeshazipita, kwahiyo uwezekano umeshuka, ila haujaisha mpaka presha ishuke na hayo mengine yaangaliwe. Ikirudi, hakuna kumlaza chali na hakuna kuinua kichwa juu, maji ya kichwani nayo hayasaidii kitu. Akae, ainame mbele kidogo juu ya beseni, abane sehemu laini ya pua chini ya mfupa kwa vidole viwili, tundu zote mbili, kwa nguvu, apumulie mdomo, damu inayokuja mdomoni ateme asimeze. Dakika 15 kwa saa ya ukutani, bila kuachia kuchungulia, kila ukichungulia unavunja donge unaanza moja. Kama haijakata, au inashukia kooni hata kama mbele pamekauka, ondokeni hapohapo, msingoje alfajiri. Na msimpakize kwenye bodaboda, akizimia njiani anadondoka, tafuteni bajaji au taksi akae katikati yenu ameinama na beseni lake. Nawakumbuka wagonjwa wa upande wa Sengerema na Geita waliokuwa wanatufikia hapa wameloa damu kifuani baada ya kungoja kivuko Busisi, tangu daraja lifunguliwe 2025 wanafika wakiwa bado wana rangi usoni. Nyinyi mpo Igoma, mna lami mpaka mlangoni, usiku saa 7 ni saa nzuri tu ya kwenda.

Kwa sasa apake vaselini kidogo kwa ncha ya kidole kisafi mlangoni mwa pua asubuhi na jioni, asiingize ndani sana. Asipenge kwa nguvu, chafya ikija aachie mdomo wazi. Chai ya moto sana na pombe aziweke kando wiki hizi. Na kulala, mwekee mito miwili au mitatu, kichwa kiwe juu, mmoja wenu alale chumba kimoja naye siku kadhaa, sio kwa sababu ya hatari kubwa ila woga wa usiku hauondoki kwa maneno. Asipewe vidonge vya usingizi.

Kuna kitu kimoja bado hakijafanyika na naomba mkifuatilie kabla mwezi haujaisha, arudi kliniki ya masikio, pua na koo aangaliwe kwa kamera huko nyuma sasa panapoonekana, maana siku ile palikuwa pamejaa damu na hakuna aliyeweza kuona. Imetoka upande mmoja tu, kwa mtu wa miaka 61, kwahiyo lazima tuhakikishe hakuna uvimbe. Muulizeni kama upande huohuo pua ilikuwa inaziba kwa miezi, kama sikio la kushoto limepungua kusikia, mshikeni shingoni kama kuna tezi ngumu isiyouma. Zikiwepo msingoje mwezi, nendeni wiki hii. Mara nyingi tunaangalia tunakuta kovu dogo tu, tunamwambia nenda nyumbani.

Mwaloni anaweza kurudi wiki ijayo akisikia ana nguvu na presha imeshuka, akae kivulini ahesabu hela na kupokea wateja, lile vumbi la dagaa wakavu ajifunge kitambaa. Magunia abebe kijana mwingine mpaka mwezi mmoja upite, na kwa umri wake mimi ningesema hata baada ya hapo. FBP ikishapatikana niandikie namba za damu na za chembe sahani nizione.